Sauti Iliyokosa Pa Kusimama

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kifua mbele kwenye sebule ya watu, napigiwa makofi. Ningejua, ningewaacha nikiwa nimelala chini. Aliyelala chini hana pa kuanguka.

Kwa ambaye gazeti lake lilitumika kufungia sabuni kabla hajalisoma, nitasema kwa kifupi. Mimi ni fundi wa spika za zamani. Kazi yangu ni kubandika ukingo wa sponji, ule mduara unaoishika karatasi ya spika, ambao miaka ikipita huoza ukawa unga mkononi. Pia natunga mashairi, na sikufundishwa na mtu. Wapenzi wa spika wakaniita Malenga wa Gundi. Walinipa jina hilo kwa kejeli, nami nimelivaa kwa hasira.

Nampenda mwalimu mmoja wa watoto wadogo. Baba yake ni mtangazaji mstaafu, mwenye spika mbili za mbao nzito alizonunua ujanani. Nilipokwenda kujieleza hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniambia, "Spika zangu zimekufa. Zifufue, zimtamke mama yake huyu binti kama zamani. Ndipo uje tuzungumze."

Nikazifufua. Mtangazaji akaweka kanda aliyomrekodi mkewe walipokuwa wachumba. Mke huyo sasa ni marehemu. Kanda inaanza kwa kishindo cha maikrofoni, halafu mwanamke anauliza huku anacheka, "Nisimame wapi?" Kisha anaimba wimbo wa kubembeleza mtoto, mtoto ambaye wakati huo hakuwepo hata kwenye mawazo.

Siku ile sauti yake haikutoka kwenye masanduku. Ilitoka kwenye pazia, kwenye dari, nyuma ya masikio yetu. Mtangazaji alilia mbele ya wageni wake. Akasema miaka yote mkewe alikuwa amesimama katikati ya zile spika kama picha ya ukutani, leo anatembea nyumbani mwake. Akaniita mkwe. Nami, kwa kiburi changu, nikasimama nikaghani:

Sanduku nimelishika, limekoma kukoroma,
Sauti inasikika, kila kona inavuma.

Makofi yakapigwa. Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa nisikilizeni.

Siku ya pili yake, Mwalimu alinikuta nje ya geti la shule yake. Watoto walikuwa wameshatoka. Alikuwa na chaki kwenye nywele na hakuwa na tabasamu.

"Umefanya nini kwa mama yangu?" akaniuliza.

"Salamu hakuna?"

"Shikamoo nitakupa ukizeeka. Umefanya nini?"

"Nimemrudisha. Hukumsikia baba yako?"

"Nilimsikia baba. Sikumsikia mama." Akaweka kibeti chake juu ya ukuta. "Mama alikufa sijaanza shule. Baba alikuwa ananikalisha kwenye kile kiti cha katikati, anawasha kanda, mama anakuja kusimama mbele yangu. Hapa." Akainua kiganja mbele ya uso wake. "Hapa kabisa, ungeweza kumshika. Jana nilikaa kiti kilekile. Hapakuwa na mtu."

"Spika zikibandikwa upya sauti hupanuka."

"Mimi sijui mambo ya kupanuka. Najua mama yangu alikuwa anasimama wapi."

Ndugu msomaji, hapo niliacha kubishana. Maana nilijua hapohapo.

Spika mbili zikiimba sauti moja ya mtu, karatasi zake hupaswa kusukuma pamoja na kuvuta pamoja. Zikipatana, sauti inajijenga katikati, unamwona mtu kwa masikio. Moja ikisukuma huku mwenzake anavuta, sauti inavunjika. Inakwenda kila kona. Haina pa kusimama.

Na nilijua kosa lilipoingia. Siku ya kufungua yale masanduku, nyaya za ndani zilikuwa zimechakaa, zote zimekuwa rangi moja ya kahawia. Mwalimu alikuwepo. Alinipa uzi mwekundu nifunge alama kwenye waya wa chanya. Nikamwambia, "Dada, nina kichwa, sihitaji uzi." Kumbe sanduku moja nililifunga kinyume.

Nikamweleza yote pale getini. Nilikuwa na haki ya kunyamaza, lakini sikuweza kuvumilia aone kwamba sijui.

"Kwa hiyo ulikosea," akasema.

"Ni kitu kidogo. Nyuma ya sanduku kuna skrubu mbili, nyekundu na nyeusi. Unazipishanisha nyaya, basi."

"Sanduku lipi?"

"Lolote. Ukigeuza moja tu, imekwisha."

Akachukua kibeti chake. "Basi geuza. Kabla wageni hawajakutana tena Jumapili. Mwanamume anayeweza kumwacha mama yangu ametawanyika ili yeye apigiwe makofi, sitaolewa naye hata baba akinisindikiza kwa ngoma."

"Na baba yako akijua?"

"Kila kona inavuma," akasema. "Si uliandika mwenyewe?"

Akaenda zake.

Jioni ileile nilikwenda kwa Mtangazaji nikiwa nimepanga maneno yangu vizuri. Nilimkuta amepiga magoti, anapaka mafuta mbao za spika kwa kitambaa cha fulana.

"Mkwe, karibu. Shika hapa. Sikia mbao hizi. Spika za siku hizi unaning'iniza kwenye kidole kimoja kama ufunguo. Hii ikikudondokea mguuni, mguu ndio unaombwa radhi."

"Ni kweli, Mzee. Mzee, nilikuwa nawaza nikague nyaya kidogo."

"Zina nini?"

"Hazina kitu. Ni kawaida ya kazi."

"Kawaida ya kazi wapelekee wateja wako. Hapa usiguse." Akasimama kwa kushikilia sanduku. "Leo mchana niliacha kanda inaimba, nikaenda jikoni. Nikamsikia nyuma yangu. Nikageuka, mwanangu. Mtu mzima na mvi zangu, nimegeuka na sufuria mkononi."

Nikatazama mlango wa jikoni.

"Alikuwa hajawahi kufika jikoni," akasema. "Toka siku tuliyomzika, alikuwa anaishia pale katikati ya spika. Siku atakayoacha kutembea nitajua kuna mtu kamfukuza. Na huyo mtu asije kuniuliza habari ya binti yangu." Akakunja kitambaa. "Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nilikuwa nasema mbao zinang'aa."

Nikatoka pale nimebanwa pande zote mbili. Nikigeuza waya, baba ananifukuza. Nisipogeuza, binti ananiacha. Na katikati yao mwanamke niliyemtawanya kwa mkono wangu, anaimba.

Wiki ile sikutunga hata mstari. Nilikaa dukani kwangu nabandika spika za watu, kila moja nikiifunga uzi mwekundu. Mteja mmoja akaniuliza kama ni hirizi.

Jumapili nilifika mapema kuliko wageni. Niwe mkweli kwenu. Sikuwa nimechagua ukweli. Nilikuwa nimemchagua Mwalimu, kwa sababu baba yake ameshanisifu na yeye hajawahi, na mimi mtu asiyenisifu huninyima usingizi. Uongo wa kumwambia mzee nilikuwa nao tayari: sponji mpya ikizoea, sauti hubadilika. Kila mpenzi wa spika anaamini hilo. Ni kweli hata, kwa kiasi.

Mtangazaji alikuwa anaoga. Alikuwa anaimba huko bafuni, kwa hiyo nilijua muda wangu ni urefu wa wimbo.

Sanduku la kushoto lilikuwa karibu na ukuta. Ningelivuta, lingekwaruza sakafu nyumba nzima isikie. Nikajipenyeza kati ya sanduku na ukuta, ubavu kwanza. Mkono ukafika. Macho hayakufika. Nikalegeza skrubu kwa vidole, nikahamisha waya huu kule, ule huku, nikakaza. Imekwisha. Nikajaribu kutoka.

Sikutoka.

Kifua changu, kilekile kilichopigiwa makofi, kilikuwa kimenasa kwenye kona ya sanduku. Nikitoa pumzi naongeza nafasi, nikivuta pumzi naipoteza. Bafuni wimbo ukakoma.

"Wewe baba, unaswali huko nyuma?"

Alikuwa shangazi yake Mwalimu, dada wa Mtangazaji, amesimama na trei ya vikombe.

"Nimeangusha kifuniko cha kalamu, shangazi."

"Na kimeangukia mgongoni mwako?"

"Kimebiringika."

"Wanaume wa nyumba hii wote wamezibusu hizi spika. Wewe ndiye wa kwanza kuzikumbatia kwa nyuma." Akaweka trei chini, akanishika mkanda wa suruali, akanivuta nikatoka kama kizibo. "Jipanguse vumbi. Mkwe gani anaingia sebuleni kama panya wa stoo."

Wageni wakaingia. Wa kwanza alikuwa mshonaji suti, ambaye spika zake zilitoka kwenye ukumbi wa sinema uliobomolewa, na hasiti kukukumbusha. Wa pili alikuwa yule tunayemwita Betri. Ni fundi kama mimi. Kazi hii aliitaka, akanyimwa. Jina lake ni kwa sababu daima ana betri dogo la tochi mfukoni mwa shati, tayari kupima spika ya mtu hata kama hakuombwa.

Wakaanza yaleyale ya kila Jumapili.

"Za kwangu zikipigwa filimbi, mbwa wa jirani anaamka," akasema mshonaji.

"Mbwa wa jirani yako anaamka kwa sababu zinakwaruza," akasema Betri. "Spika za sinema ni za kupayuka. Spika ya nyumbani ni ya kunong'ona. Ukitaka kujua spika kama inastahili kukaa ndani, punguza sauti hadi mwisho. Ikibaki na maneno, ibebe. Ikibaki na kelele, iwekee kuku."

"Na hizi za Mzee?"

Betri akaniangalia. "Hizi zilikuwa nzuri. Sasa sijui. Jumapili iliyopita sikuwepo, nimesikia tu kwamba marehemu anatembea."

"Leo utamsikia mwenyewe," akasema Mtangazaji. Alikuwa ametoka, amevaa shati jeupe, amechana mvi zake kama anakwenda kupokea mgeni. Akabonyeza kanda.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha katikati. Nikamtazama kwa namna ya kumwambia, nimefanya. Naye alinitazama kwa utulivu ambao sikuuelewa.

Kishindo cha maikrofoni. Kicheko.

"Nisimame wapi?"

Ilitoka kwenye pazia.

Ndugu msomaji, nilidhani nimepata wazimu. Nilikuwa nimegeuza waya kwa vidole hivi. Sauti ilipaswa kuja katikati, mbele ya kile kiti. Badala yake ilikuwa darini, mlangoni, nyuma ya shingo yangu, imetawanyika vilevile. Mwalimu naye alikuwa ameshika mikono ya kiti, anatazama sanduku la kulia kama limemtukana.

Mtangazaji alifumba macho. "Yupo," akasema polepole. "Bado anatembea."

"Mzee, samahani," Betri akasema. "Simamisha kanda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hizi spika zinagombana. Huyu si mtu anayetembea. Ni mtu aliyepasuliwa vipande."

Shangazi aliyekuwa anamimina chai aliendelea kumimina hadi kikombe kikafurika.

"Bwana mdogo ana wivu," akasema mshonaji.

"Wivu ninao. Na betri ninalo." Akalitoa mfukoni. "Mzee, niruhusu. Nikikosea, sikanyagi tena hapa."

Mtangazaji akaniangalia mimi. Ningeweza kukataa. Fundi ana haki ya kukataa kazi yake kupekuliwa. Lakini mbele ya watu, kukataa kipimo ni kukiri, nami sijawahi kumkimbia Betri wala sitamkimbia.

"Mwache apime," nikasema.

Akachomoa ncha za nyaya kwenye amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti. Kipimo chenyewe ni rahisi: unagusisha betri kwenye nyaya, karatasi ya spika inaruka. Ikiruka mbele, nyaya zimekaa sawa. Ikizama ndani, zimepishana.

Akagusa za kushoto, ile niliyoigeuza. Karatasi ikaruka mbele.

"Sawa hiyo," akasema, na uso ukamshuka. Nikapumua. Kazi yangu ilikuwa safi.

Akagusa za kulia. Karatasi ikazama ndani.

Akarudia. Ikazama tena.

Kulia? Ile ya kulia nilikuwa sina shaka nayo hata chembe. Betri akachukua tochi, akachungulia nyuma ya sanduku la kulia. "Waya mwekundu uko kwenye skrubu nyeusi." Akaenda kushoto, akachungulia. Akasogeza tochi karibu. "Na huku pia."

"Haiwezekani," akasema Mtangazaji. "Nyaya za nje nilizifunga mwenyewe siku ziliporudi. Nyekundu kwa nyekundu."

"Basi kuna watu wamepita baada yako, Mzee. Kila mmoja na sanduku lake. Mmoja angegeuza, ingekuwa sawa. Wamegeuza wawili, imerudi palepale ilipokuwa."

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akanitazama.

Lolote, nilimwambia getini. Ukigeuza moja tu, imekwisha. Kwa kinywa changu mwenyewe.

Akasimama. "Ya kulia ni mimi, baba. Asubuhi, ulipokwenda kununua gazeti."

"Ya kushoto ni mimi," nikasema.

"Nilidhani hutathubutu," akaniambia.

"Nami nilidhani unanisubiri."

"Na mimi nikidhani anatafuta kifuniko cha kalamu," akasema shangazi, akafuta chai.

Hakuna aliyecheka. Mtangazaji alikuwa amekaa. Sikuwahi kumwona anakaa hivyo, mikono juu ya magoti na viganja wazi.

"Kwa hiyo tangu mwanzo lilikuwa kosa," akasema. "Siku ulipozileta."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ulijua."

"Siku ile sikujua. Nilijua kesho yake."

"Kesho yake ulikuja hapa ukaniambia mbao zinang'aa."

Nikazitazama zile mbao.

"Malenga." Hakusema mkwe. "Yule aliyekuja hadi jikoni kwangu. Alikuwa nani?"

Mashairi yangu yote niliyoyatunga, hakuna mstari hata mmoja uliokuja kunisaidia.

Betri, kwa upole ambao sikuutegemea kwake, akasema, "Mzee, ni dakika moja tu. Nigeuze waya mmoja, tumsikie alivyokuwa."

"Wewe kaa chini. Umemaliza yako. Rudisha nyaya kwenye amplifaya kama ulivyozikuta." Akasubiri hadi Betri amalize. Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Nenda nyuma ya sanduku. Shika waya."

"Sanduku lipi, Mzee?"

"Lolote."

Nikachagua la kushoto. Nikajipenyeza palepale, ubavu kwanza, kifua kikanasa palepale. Nilipogeuza shingo niliweza kuona sehemu ndogo tu ya sebule: kiti cha katikati, na mlango wa jikoni.

Mwalimu alikaa kwenye kile kiti. Aliweka kiganja mbele ya uso wake, kama pale getini. "Mrudishe," akasema.

Mtangazaji alikwenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, akatupa mgongo, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa nyuma. "Mwache," akasema.

"Baba."

"Nimesema amwache. Lakini simlazimishi. Yeye ndiye fundi, na alishika kazi yangu kwa maneno makubwa." Bado alikuwa ametupa mgongo. "Kanda ikianza, Malenga, mweke unapojua ndipo pake. Na popote utakapomweka, hapo ndipo nitajua kama una haki ya kuniuliza tena habari ya binti yangu."

"Na mimi ndipo nitakapojua," akasema Mwalimu.

Shangazi ndiye aliyebonyeza kanda, maana hakuna mwingine aliyeweza.

Skrubu ilikuwa imelegea, waya mwekundu uko kati ya vidole vyangu, bado unaigusa. Nilijaribu kuvuta pumzi, nafasi haikuwepo. Kanda ikakwaruza. Maikrofoni ikagonga kitu. Halafu kutoka kwenye pazia, kutoka darini, kutoka nyuma ya mgongo wa mzee na mbele ya uso wa binti, akacheka yule mwanamke, akaniuliza:

"Nisimame wapi?"